Mpira Wataka Vishimo, Mashua Haivitaki

Kitendawili!

Mkisema "Tega," natega hivi: ndugu wawili, mmoja akikwaruzwa huchelewa, mwingine akikwaruzwa huruka.

Fikirini. Si punda, si baiskeli, wala si yule mtoto wa jirani anayechelewa shule kila Jumatatu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Lamu? Ahsanteni. Nilikwenda Lamu, nikala halua, nikanywa kahawa chungu, nikarudi mpaka hapa kwetu Shanzu, pwani ya Mombasa. Jibu ni hili: ndugu wa kwanza ni mashua, wa pili ni mpira wa gofu.

Wote wawili wana adui mmoja. Kila kinachopita majini au hewani husukumwa kurudi nyuma na hayo maji au hiyo hewa, na nguvu hiyo huitwa ukinzani. Mkimbiaji anapambana nao, baiskeli inapambana nao, gari la mbio vilevile, hata papa kule nje ya miamba. Ukiwauliza watu namna ya kuupunguza, watakujibu upesi: lainisha, ng'arisha, paka mafuta. Wamesema nusu. Nusu iliyobaki iliwahi kuwafanya mabingwa wa Ulaya washukiane hesabu, nasi tutaifikia.

Tuanze na mashua, kwa kuwa iko mlangoni petu. Siku za bamvua, maji yakitoka hapa Shanzu hutoka kwelikweli, mpaka mchanga na mawe yanabaki wazi. Hapo ndipo wavuvi hulaza chombo ubavu. Ukisogea karibu na tumbo lake utaona mambo ambayo chombo kikiwa majini huyaoni. Kwanza kuna ukoga wa kijani. Ukiugusa, kidole kinateleza. Juu ya ukoga kuna mwani, nyuzi ndefu kama kidole zinazoning'inia zikidondosha maji. Kisha kuna wale wenye magamba meupe, wadogo kuliko kifungo cha shati, waliojibandika kwenye mbao wasitake kutoka. Usiwapitishie kiganja. Wanakata.

Wenye chombo huwasugua kwa makumbi ya nazi na kuwakwangua kwa chuma bapa. Zamani mabaharia walipitisha moto wa makuti chini ya mbao ili kuunguza vilivyobaki, kisha wakapaka deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya mnyama, sehemu inayozama. Sehemu ya juu walipaka sifa, mafuta yanayotoka kwenye ini la papa, na harufu yake hata paka wa mtaa wa pili huipata. Siku hizi wengi hununua rangi ya dukani yenye dawa ya kuwafukuza hao wapangaji wasiolipa kodi. Kazi yote hufanywa mbiombio, maana kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita tu, na bahari haimsubiri mtu amalize kupaka.

Kwa nini wahangaike hivyo? Deheni na dawa huwazuia pia funza wa baharini wasitoboe mbao, lakini muulize nahodha yeyote atakwambia na jambo la pili: chombo chenye uchafu hakiendi. Upepo ni uleule, tanga ni lilelile, ila chombo kizito. Wanaoshindana kwa mashua kule Lamu hawaingii mashindanoni na tumbo chafu. Ni sawa na kushindwa kabla tanga halijatwekwa.

Sasa niwaonyeshe siri iliyo chini ya hilo. Zimeni feni ya nyumbani, mtazame mapanga yake. Yana vumbi! Yamezunguka usiku kucha, yamesukuma upepo chumba kizima, na vumbi halikupeperuka. Sababu ni kwamba hewa inayogusa panga haipiti juu yake. Imelishika na inazunguka pamoja nalo. Hewa iliyo juu kidogo inateleza kidogo, ya juu zaidi inateleza zaidi, mpaka ukifika mbali kiasi cha kutosha hewa haijui kama kuna panga. Maji nayo hufanya hivyo kwenye mbao za mashua. Kuna tabaka jembamba linaloburutwa na chombo, na kuliburuta kunakula nguvu. Mbao zikiwa na magamba na mwani, tabaka hilo hunenepa na kuchafuka, na mashua inaburuta maji mengi kuliko yanayostahili.

Mwingereza mmoja, William Froude, alilipima jambo hili katika miaka ya 1870. Alijengewa karibu na nyumbani kwake, Torquay, hodhi refu la maji, akawa anaburuta mbao ndani yake. Ubao mmoja aliupaka vanishi, mwingine akaufunika kwa karatasi ya bati, mwingine kitambaa cha pamba, na mwingine akaubandika mchanga. Umbo moja, mwendo mmoja, ngozi tofauti. Ule wa mchanga ulihitaji nguvu karibu mara mbili ya ule wa vanishi. Wavuvi wetu wangemwambia bure, lakini Froude alipata nambari, na nambari husafiri mbali kuliko maneno. Mwaka 2007 Michael Schultz, mhandisi wa chuo cha jeshi la majini la Marekani, alikadiria kwamba manowari iliyojaa magamba chini inaweza kuhitaji hadi asilimia 86 ya nguvu za ziada ili ishike mwendo wake wa kawaida. Zile meli kubwa mnazoziona zikiingia bandari ya Kilindini zinaogopa viumbe wadogo kuliko kifungo.

Basi mashua tumeimaliza: inataka tumbo laini. Twende gofu.

Kutoka hapa kwetu viwanja viwili viko karibu, Nyali upande wa kusini na Vipingo upande wa kaskazini ukishapita Mtwapa na Kikambala. Ukiokota mpira uliopotea nje ya ua, utahisi vishimo kila mahali. Ni kati ya 300 na 500, kila kimoja kina kina cha kama robo ya milimita. Wazee wa gofu huko Uingereza karne ya 19 walicheza na mipira laini iliyotengenezwa kwa utomvu wa mti, na wakaona jambo la kushangaza: mpira mpya haukwenda mbali, ila ukishapigwapigwa na kukwaruzika ulikwenda vizuri. Wakaanza kuikwaruza mipira mipya makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor aliomba hataza ya mpira wenye vishimo, na mpaka leo ndio huo. Mpira laini kabisa ukipigwa kwa nguvu ileile hufika kama nusu ya safari.

Mbona basi? Tumeshaona kwamba ukwaruzo huongeza msuguano. Froude hakukosea, na wachezaji wa gofu hawakukosea.

Hapa ndipo mabingwa walipogombana. Mnamjua Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Alipokuwa mzee wa karibu miaka 80 alikuwa na maabara ya upepo mjini humo, na mwaka 1912 alikuwa anapima ukinzani wa tufe, yaani mpira wa duara. Wajerumani wa Göttingen nao walikuwa wamepima tufe, wakapata jibu kubwa zaidi ya mara mbili ya la Eiffel. Wakadhani mzee amesahau kuzidisha kwa mbili. Mzee hakukasirika, au kama alikasirika alikasirikia kazini: alirudi maabara akapima tena kwa kasi mbalimbali. Akakuta kwamba kwa upepo wa pole ukinzani ni mkubwa, halafu upepo ukifika kasi fulani ukinzani unaanguka ghafla. Wajerumani walikuwa wamepima upande mmoja wa kasi hiyo, yeye upande wa pili. Wote walikuwa sahihi.

Aliyefumbua fumbo ni Ludwig Prandtl, naye wa Göttingen. Mwaka 1914 alichukua tufe laini, akalivisha pete ya waya mwembamba mbele kidogo ya sehemu pana kuliko zote, kisha akalipiga upepo. Kuongeza waya ni kuongeza ukwaruzo, kwa hiyo ungetarajia ukinzani upande. Ulishuka. Waya ule ulifanya kwa upepo wa pole kile ambacho tufe laini hukifanya kwa upepo mkali tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Hewa ikikutana na mpira hugawanyika, ikapanda mabega yake ikiongeza mwendo. Ikishapita sehemu pana lazima ipunguze mwendo na kurudi pamoja nyuma ya mpira, na huko nyuma shinikizo linazidi kupanda kadiri unavyosonga. Kwa hewa, kwenda penye shinikizo kubwa ni kupanda mlima. Mkitaka kuona, kumbukeni feri ikitia nanga Likoni na abiria wakiupanda ule mwinuko kwenda juu. Walio ukingoni, wanaokwaruzana na ukuta, wamechoka na mizigo yao. Wakifika penye mwinuko mkali wanasimama. Wakisimama, wanaowafuata hawana pa kupita ila kuuacha ukuta na kuzunguka kwa mbali, na pale ukutani panabaki fujo ya watu wasioenda popote. Lakini umati ukichafuka, wenye mbio wakiingia katikati ya waliochoka wakawavuta mkono, basi hata wale wa ukutani watapanda juu zaidi kabla hawajasimama.

Hewa iliyo karibu na mpira laini ni wale waliochoka. Inasimama mapema, inabanduka, na nyuma ya mpira panabaki shimo pana la hewa inayozungukazunguka yenye shinikizo dogo. Mbele shinikizo ni kubwa, nyuma ni dogo, mpira unarudishwa. Vishimo vinaichafua ile hewa ya ngozini: hewa yenye mwendo kutoka juu inaingia chini na kuipa nguvu, inaushika mpira mpaka nyuma zaidi kabla ya kubanduka, na lile shimo la nyuma linakuwa jembamba. Msuguano wa ngozi umeongezeka kidogo, ndiyo, lakini hasara ya nyuma imepungua sana. Ni kulipa shilingi ili uokoe kumi.

Ndiyo maana ndugu wetu wawili wametofautiana. Mashua ni ndefu na imechongwa ikakonda. Maji huifuata vizuri mpaka nyuma, na gharama kubwa iliyobaki ni msuguano wa ngozi. Hiyo ilainishe. Mpira ni butu. Gharama yake iko nyuma, kwenye shimo. Huo ukwaruze, mradi uwe na kasi ya kutosha. Ukiwa pole mno, ukwaruzo haukusaidii kitu, na ukiwa na kasi kubwa mno hewa huchafuka yenyewe bila msaada wako.

Wachezaji wa mpira wa miguu waliujua ukweli huu kwa uchungu mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini. Mpira wa mashindano yale uliitwa Jabulani. Mpira wa kawaida wa zamani ulishonwa kwa vipande 32, una mishono kila mahali, lakini Jabulani ulikuwa na vipande 8 vilivyounganishwa kwa joto. Makipa wakalalamika kuwa mpira unayumba hewani. Ulipokuwa na mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mkwaju mzuri wa adhabu, hewa ilikuwa inahama kutoka hali moja kwenda nyingine, upande huu ikishika, upande ule ikibanduka, na mpira ukaenda unakotaka wenyewe. Mpira wa 2014, Brazuca, ulikuwa na vipande 6 tu, lakini mishono yake ikiunganishwa ilikuwa mirefu zaidi, na ngozi yake ilikuwa na vipele vidogo. Kuyumba kukahamia kwenye mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, ambako hakumsumbui kipa sana. Kwa hiyo nyie mnaocheza ufukweni jioni, msiudharau mpira uliochubuka.

Lakini kisa nikipendacho ni cha mkuki. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mkuki mita 104.80. Uwanja ulikuwa karibu kuisha! Wenye sheria wakaogopa kwamba siku moja utamfikia mtu upande wa pili, na mwaka 1986 wakabadilisha mkuki wa wanaume: uzito ukasogezwa mbele ili ncha iiname mapema. Mikuki ikaanza kuanguka karibu. Mhangari Miklós Németh, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki 1976, akatengeneza mkuki ambao mkia wake ulikuwa umekwaruzwa. Sheria ilikuwa imesema kuhusu uzito na umbo, na ngozi ya mkia ikasahauliwa. Hewa ikaushika mkia kwa namna nyingine, ncha ikachelewa kuinama, mkuki ukaelea. Mwaka 1991 Seppo Räty wa Finland akafika mita 96.96. Mwaka huohuo mikia ya kukwaruza ikapigwa marufuku na rekodi zake zikafutwa, ya Räty ikiwemo. Mimi humwonea huruma: mkono ulikuwa wake, kosa lilikuwa la waandika sheria.

Tangu hapo mkuki lazima uwe laini kutoka ncha mpaka mkia, na ni mkuki wa namna hiyo alioushika Julius Yego. Kijana wa Nandi huyo alijifunza kurusha kwa kutazama video za mabingwa kwenye YouTube, na tarehe 26 Agosti 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda mashindano hayo bila kukimbia.

Nguo nazo zimeingia katika vita hivi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, baadaye akaibeba bendera ya Uingereza na kushinda Tour de France mara 4. Mwaka 2017 mashindano yalianzia Düsseldorf kwa mbio za kilomita 14, kila mtu na saa yake. Timu ya Froome ilivaa mavazi yaliyobana yenye vidoti vilivyoinuka mabegani na mikononi. Mwenzake Geraint Thomas akashinda siku hiyo, Froome akawa wa 6, na timu nyingine ikalalamika kwamba vidoti hivyo ni udanganyifu. Waamuzi wakaviruhusu. Mkono wa binadamu, mkiufikiria, ni nguzo butu inayopita hewani, kwa hiyo vidoti vinaufanyia kile vishimo vinavyoufanyia mpira wa gofu. Baadaye shirikisho la baiskeli likaweka mpaka: ukwaruzo wa vazi usizidi milimita 1.

Na Faith Kipyegon wetu? Tarehe 26 Juni 2025, kwenye uwanja wa Charléty mjini Paris, alijaribu kukimbia maili moja, mita 1609, chini ya dakika 4. Hakuna mwanamke aliyewahi. Rekodi yake mwenyewe, aliyoiweka Monaco mwaka 2023, ilikuwa dakika 4 sekunde 7.64. Vazi alilotengenezewa na Nike lilikuwa na vinundu vilivyopangwa sehemu maalumu za mwili, na mbele na nyuma yake walikimbia wanariadha wenzake kumkinga upepo. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, haraka kuliko mwanamke yeyote kabla yake, ila haikuandikwa rekodi kwa sababu mpangilio wa wakingaji haukuwa wa kawaida.

Mtaniuliza vinundu vilimsaidia kiasi gani. Nitawaambia ninavyofikiri. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 23 na nusu kwa saa, na kwa mwendo huo mwili mzima uko pole kuliko unavyotakiwa ili vinundu vifanye kazi vizuri. Mguu unaorushwa mbele, hata hivyo, kwa nukta moja hukata hewa kwa mwendo unaokaribia mara mbili ya ule wa mwili. Hapo vinundu vina nafasi. Lakini kama mimi ndiye ninayekimbia na naambiwa nichague kati ya vazi na watu wa kunikinga, nachagua watu.

Kuna mmoja wenu atauliza kwa nini matatu za Mtwapa hazina vishimo. Swali zuri. Mwaka 2009 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilifunika gari kwa udongo, kikachonga vishimo vikubwa, na gari likatumia mafuta kidogo kuliko lilipokuwa na udongo laini. Lakini matatu ni sanduku. Hewa hubanduka kwenye kona za nyuma hata ukifanya nini, na vishimo pembeni havitaihamisha kona. Gari lenye mgongo unaoteremka ni habari nyingine. Mwaka 2004 wahandisi wa Mitsubishi walieleza vipezi walivyoviweka mwishoni mwa paa la Lancer Evolution, gari ambalo wapenzi wa mbio za magari Kenya wanalijua kwa sauti hata kabla halijaonekana. Havizidi milimita 25 kwenda juu. Vinaichafua hewa pale kioo cha nyuma kinapoanza kuteremka, ili isibanduke mapema, na bawa la nyuma lipate hewa ya kushika. Ni ile pete ya Prandtl imepanda juu ya paa.

Amebaki papa, na yeye anaharibu hesabu zetu zote, maana ni mwembamba kama mashua na bado hana ngozi laini. Siku papa akiletwa pwani au ukimkuta sokoni Kongowea, omba ruhusa umguse. Pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani: anateleza. Rudisha kiganja: ni msasa mtupu, na kweli mafundi wa zamani walisugua mbao kwa ngozi ya papa. Amefunikwa na vijino vidogo sana, kila kimoja kina mifereji inayoelekea mkiani. Mifereji hiyo huyazuia yale maji ya ngozini yasirushwe kando kando, na msuguano unapungua kidogo hata chini ya ule wa kitu laini. Tazameni tofauti: mwani na magamba kwenye mashua yamekaa ovyo na ni makubwa, mifereji ya papa ni midogo na imepangwa kufuata safari.

Watu walimwiga. Mwaka 1987 chombo cha Wamarekani kiitwacho Stars & Stripes kilibandikwa utando wenye mifereji midogo sana uliotengenezwa na kampuni ya 3M kwa utafiti wa NASA, kikaenda Fremantle, Australia, kikashinda Kombe la Amerika mbio 4 kwa 0. Leo ndege kadhaa za mizigo za Lufthansa zina utando wa namna hiyo na zinaokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Mtu akicheka asilimia 1, mwambieni alipe yeye bili ya mafuta ya ndege.

Sasa zamu yenu. Tafuteni vipande viwili vya ubao vilivyo sawa, virefu kama mkono na vyembamba, mfano wa rula kubwa. Kimoja kisugueni kwa msasa, mkipake rangi ya mafuta mpaka king'ae. Kingine kipakeni gundi, mkimwagie mchanga wa hapa Shanzu pande zote, kikauke siku nzima. Kila kimoja kifungeni jiwe dogo la uzito sawa kizame kidogo. Chukueni fimbo iliyonyooka, kila ncha mfunge ubao mmoja kwa kamba zenye urefu uleule, na katikati ya fimbo mfunge kamba ya kuvutia. Maji yakipwa, nendeni kwenye yale madimbwi marefu yaliyo ndani ya miamba, mvute polepole mkitembea. Fimbo itakaa mshazari: upande wa mchanga utabaki nyuma. Kisha badilisheni ncha za mbao mvute tena, msije mkaidhania fimbo mbovu kuwa ugunduzi. Vuteni pole, vuteni haraka, andikeni mlichoona kwenye daftari. Maji yasizidi magoti, na awepo mtu mzima anayejua kuogelea.